Mgongo wa Mama

Wote,
1 Septemba 1979

Mpendwa wifi Nduta,

Salamu kutoka kwenye joto la Wote. Natumaini wanafunzi wako wa Zombe wameacha kukuuliza kwa nini unakitamka Kikamba kama mtu anayeumwa na jino.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo, na jambo lenyewe halitasubiri. Baba yenu mdogo Kinuthia amemwandikia Muturi tena. Ile kazi ya mitambo kule Murang'a bado iko wazi, na nyumba ipo, na anataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Muturi alisoma barua, akaikunja, akarudi kupaka mafuta cheni ya baiskeli. Nilidhani ameshaisahau. Kisha akasema bila kuinua uso, "Twende tukamwone mama yako. Akinipokea kama mtoto wake, tunabaki Ukambani, nitatengeneza pampu za visima vya hapa mpaka nizeeke. Asiponipokea, tunaenda Murang'a, na sitabisha hodi kwake mara ya pili."

Unamjua kaka yako. Hasemi mambo ili yasikike vizuri.

Mama hajawahi kumwona. Tangu tulipotia sahihi kwenye ofisi ya D.O. bila mchungaji wala harusi, kanisa lilimtoa kwenye kwaya na kumweka kiti cha nyuma kwa ajili yangu. Yeye aliyekuwa akianzisha nyimbo za akina mama, sasa anaimba akitazama visogo vya watu. Kwangu hajasema neno baya. Hajasema neno lolote, Nduta. Ningependelea neno baya.

Dada yangu alipoolewa nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka Mama alisimama mbele ya kanisa zima akampa Musyoka, mkwe wake mpya, mkono wa kuume, na watu wakapiga makofi kana kwamba wameona muujiza. Sikujua wakati huo muujiza ulikuwa nini. Lakini mkono huo ndio ninaoutaka. Mchana nikiwa nimekaa na daftari za wanafunzi mbele yangu, nauona: gumba lililopasuka kwa kupukuchua mbaazi, kiganja kikifunguka kumwelekea Muturi. Kabla haujamfikia, kengele ya shule inalia.

Nimetuma ujumbe kwa mwanamke mmoja wa kanisa lake anayekuja sokoni hapa. Jibu lilikuwa neno moja: "Waje." Tutakwenda kwa baiskeli, sote watatu, hadi kwa Mama huko Mbumbuni na kurudi. Muturi amemtengenezea Wakiuru kiti cha mbao juu ya paipu, amekizungushia tyubu kuukuu ili asichubuke. Mtoto halali. Anataka kukaa hapo hata baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani.

Niambie Muturi afanye nini akifika. Wewe huwa unajua mambo ya watu, mimi najua ya vitabu.

Wako,
Ndila


Zombe,
7 Septemba 1979

Wifi yangu Ndila,

Barua yako nimeisoma nikitembea, nikakanyaga mbuzi.

Usinitishe na mambo ya Murang'a. Mama yetu angefurahi mno, hilo najua, maana ana mjukuu mwenye jina lake na hajamshika hata mara mbili. Lakini mimi niko huku Kitui, na mkiondoka nitabaki Mkikuyu wa pekee Ukambani anayechekwa Kikamba chake.

Kaka yangu ana haya, na mwenye haya huonekana kama mwenye maringo. Tukiuza mkate pale Emali alikuwa akijificha nyuma ya debe mteja akija. Kwa hiyo mwambie hivi, na umwambie ni amri ya dada yake: asisubiri kuitwa. Ashuke kwenye baiskeli, avue kofia, aende moja kwa moja kwa mama yako na kumnyooshea mikono yote miwili. Yote miwili, Ndila. Mama hawezi kukataa mikono miwili.

Bebeni sukari na leso. Leso isiwe ya kijani, kijani humfanya kila mtu aonekane mgonjwa.

Mama mwenye nyumba wangu, Kalunde, anakusalimu ingawa hakujui. Husalimu kila mtu. Jana alimsalimu askari aliyekuja kumkamata kwa kuuza ndengu nje ya soko, akamshika mkono, akamuuliza watoto, na askari akaondoka na ndengu za bure bila kukumbuka alichofuata.

Mbusu Wakiuru. Mwambie Tata, shangazi yake, anakuja Desemba.

Nduta


Wote,
17 Septemba 1979

Mpendwa Nduta,

Nitaanza na njia, kwa sababu njia ilikuwa nzuri, na nataka angalau hiyo ibaki.

Tulitoka Jumamosi kabla ya jua. Muturi alikuwa mbele, Wakiuru kwenye kiti chake katikati ya mikono ya baba yake, na mimi nyuma kwenye keria, nimekalia gunia lililokunjwa, kiondo mapajani. Sijui kama umewahi kukaa kwenye keria siku nzima. Huoni unakokwenda. Unaona mgongo, na kandokando dunia inakufikia ikiwa imekwisha kuwapita wenzako. Nilijua mlima unakuja kwa jinsi mabega yake yalivyoinuka. Nilijua mteremko shati lilipojaa upepo. Jasho lilichora kitu katikati ya shati hilo, kwanza kidogo kama jani, kisha kikatambaa na kukua mpaka kikawa kama nchi kwenye ramani. Nilipitisha kidole mpakani mwake.

"Unaandika nini?" akauliza bila kugeuka.

Sikuwa naandika chochote. Nilitamani ningekuwa naandika.

Yaliyo mbele tulikuwa tukiambiwa na Wakiuru. "Mbuzi," alisema. "Mbuzi mwingine. Mtu hana viatu. Mti umelala." Kisha baada ya muda mti ulioanguka ulinipita polepole, mizizi juu, kama kitu alichokiumba yeye kwa kukitaja. Nikawa nasubiri maneno yake, na kila neno lilifika kwangu likiwa na majani na kivuli. Kwa saa nzima sikuwa na wazo lolote la kwangu, Nduta. Unanijua. Hayo yalikuwa mapumziko ambayo sijapata tangu shuleni.

Thwake ilikuwa kavu. Mchanga ulimeza magurudumu, tukashuka, na Muturi akaiweka baiskeli begani. Wanawake waliokuwa wakichimba maji katikati ya mto walimtazama akipita, na mmoja akasema leo baiskeli ndiyo imempanda mtu. Walicheka, naye akacheka, hata akasimama. Walikuwa wamechimba kisima kidogo mchangani na kukaa kando yake wakingoja maji yajichuje, bila haraka, kama unavyomngoja mtu amalize kufikiri. Wakampa Wakiuru maji kwenye kibuyu. Aliuliza kama susu yake, yaani nyanya yake, anaishi chini ya mchanga. Nilisimama pale miguu wazi, mchanga wa juu ukiwa na joto na wa chini baridi, na sikuona nyumba huku wala kule. Nilitamani mto ule usiwe na ukingo wa pili.

Ng'ambo tulipata pancha ya mwiba. Muturi aliziba tyubu chini ya mgunga na Wakiuru akasaidia kupampu, maana yake aliikalia pampu. Kisha akalala ghafla, kama taa iliyopulizwa. Nilimfunga kifuani pa baba yake kwa leso yangu, na kile kiti cha mbao kikasafiri kitupu mbele yao. Tukapanda vilima hivyo, tukishuka na kusukuma, tukipanda tena. Mashamba ya matuta yalikuwa kimya, mbaazi zimekauka kwenye miti yake, na upepo ukipita zinalia kama njuga za watoto. Nilianza kuijua kila kona. Nilimwambia Muturi pale nilianguka na debe la maji, pale nilisomea shairi langu la mtihani kwa ng'ombe. Aliniambia niendelee. Nadhani alikuwa akijifunza njia ya nyumbani.

Sasa nitasema yaliyobaki.

Ua ulikuwa umefagiwa. Alama za ufagio zilikuwa mbichi, hakuna unyayo hata mmoja juu yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko akiwa amevaa leso ya Jumapili. Muturi alifanya kama ulivyomfundisha. Aliegemeza baiskeli, akamshusha mtoto chini, akavua kofia, akatembea juu ya ule mchanga uliofagiwa, mikono yote miwili mbele yake.

Mama alimwona. Najua alimwona, kwa sababu macho yake yalipanda kutoka viatu vyake mpaka usoni, mara moja tu. Kisha alivuta leso kichwani, akafunika uso, akageuka, na akaenda nyuma ya ghala. Hakukimbia. Alitembea. Akasimama huko, ametupa mgongo.

Mikono ya mtu isipopokelewa haijui pa kwenda. Ya Muturi ilibaki hewani muda ambao sitausahau. Mwishowe aliishika kofia yake kwa yote miwili.

Nilimfuata Mama. Wakiuru alikuwa amenitangulia. Alikuwa tayari amebebwa, na Mama alikuwa akinusa nywele zake huku machozi yakimtoka bila sauti. Nilimsihi atoke amsalimie mume wangu. Akasema, "Maji ya kuoga yako kwenye karai. Huyo mtu aoge, amechoka."

Nikamwambia huyo mtu ana jina. Akasema, "Mpe kiti cha baba yako, akae."

Nikamwambia jina lake ni Muturi. Akanyamaza. Hata jina lake, Nduta. Hata kulitia mdomoni.

Chakula kilikuja, lakini hakukileta yeye. Alimwita jirani atuletee. Kulikuwa na kuku katika sufuria, na kwenye kisahani chake peke yake, firigisi. Muturi alikaa kwenye kiti cha marehemu baba akikitazama kile kisahani, nywele bado zikimdondoka maji. Kisha akaniambia kwa upole kwamba hawezi kula mahali ambapo watu wanajificha asiwaone. Mafuta yakaganda, yakawa meupe. Nilikuja nimepanga tulale. Sikufungua hata kiondo. Sukari na leso nilimwachia jirani.

Nilipogeuka kwenye keria mara ya mwisho, Mama alikuwa ametoka nyuma ya ghala na kusimama kati ya mabua ya mahindi, na bado alikuwa ametupa mgongo. Wakiuru aliupungia mkono mgongo ule mpaka kona ikauficha.

Kurudi ni mteremko mtupu. Tuliruka kama watu wanaokimbizwa. Hakuna aliyezungumza ila Wakiuru, aliyetuambia mbuzi, na mti umelala, na mwishowe naye akanyamaza. Nilitazama shati la Muturi. Jasho lilikuwa limekauka na kuacha chumvi, mpaka wa ile nchi umebaki mweupe. Nikawaza kwamba sasa huo ndio mgongo pekee nilio nao.

Tulifika Wote taa zikiwashwa madukani. Ameshamwandikia Kinuthia. Lori litakuja siku za mwisho za mwezi. Sijalia. Niambie kwamba nina haki ya kutolia.

Ndila


Zombe,
23 Septemba 1979

Ndila,

Una haki.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara nilitia neno ambalo mwalimu hapaswi kulijua. Nitaacha hayo. Njooni kwetu. Mama atawatandikia kitanda chake mwenyewe. Huko hakuna atakayejificha nyuma ya ghala, watatoka watu hata msiowataka.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyemwambia anyooshe mikono. Angejificha nyuma ya debe lake kama kawaida, na haya yasingempata. Nilimfundisha ushujaa ili apigwe nao usoni.

Umefanya yote ambayo binti anaweza kufanya. Aliyekupa mgongo mwachie mgongo wake. Panda lori.

Nduta


Zombe,
26 Septemba 1979

Ndila, Ndila,

Ichane barua yangu ya Jumapili. Kama haijafika, ikifika usiifungue. Hii nimempa dereva wa lori la ng'ombe linalopitia Machakos hadi kwenu, na nimemwapisha akupe mkononi. Naandika haraka kwa hiyo vumilia mwandiko.

Leo ni siku ya soko. Nilikuwa na ruhusa ya nusu siku, nikamsindikiza Kalunde na ndengu zake. Alikuwa mbele yangu akiusengenya mzani wa mwenzake kwa sauti ya kusikika mpaka Mutito. Ghafla akanyamaza. Akautupa mzigo, ndengu zikamwagika njia nzima, na mama huyo mnene, anayewashika mikono askari, akajirusha kwenye kichaka cha miiba, akachuchumaa, leso kichwani, mgongo njiani.

Nilijua ni nyoka. Nilipanda juu ya jiwe.

Aliyetokea alikuwa mwanamume kwenye baiskeli, redio imefungwa kwenye usukani. Naye alipomwona akashika breki, akashuka, akaigeuza baiskeli na kukitazama kilima kama mtu aliyetumwa kukipima. Wakabaki hivyo, yeye na kilima chake, Kalunde na miiba yake. Kisha mwanamume akakiuliza kilima kama watu wote ni wazima. Kalunde akaijibu miiba kwamba ni wazima, na watoto je? Kilima kikajibiwa kwamba watoto wana mafua kidogo. Yule mtu akaenda zake kwa kuzunguka shambani, ili asimpite.

Tukaokota ndengu. Nilimuuliza kwa sauti ya chini huyo mtu alimkosea nini. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Anikosee nini? Huyo ndiye mkwe ninayempenda kuliko wote. Mwalimu, mkono ni wa mtu yeyote. Askari nampa mkono. Wewe nilikupa mkono siku ulipokuja kuomba chumba. Siku nikimpa mkwe wangu mkono, watu watasema nimemkana."

Akanieleza, na nitakueleza wewe Mkamba mambo ya Kikamba, unisamehe. Wanaiita nthoni. Mama mkwe hamtazami mume wa binti yake. Hatamki jina lake. Hali naye, na chakula chake humpelekea kwa mkono wa mtu mwingine, kile kilicho bora kabisa. Hilo ndilo lake la kumwambia: wewe si mgeni hapa. Nikamuuliza kuhusu watu wa kanisa. Akasema wale wameiacha, mchungaji huwapeanisha mikono siku ya harusi, na ndiyo maana watu hupiga makofi.

Ndila, nilisimama na ndengu mkononi nikamwona mama yako na Musyoka mbele ya kanisa. Huo ndio muujiza uliokuwa hujui ni nini.

Nilirudi nyumbani nikamsomea Kalunde barua yako, nikiifasiri kwa Kikamba changu cha jino bovu. Kwenye ua uliofagiwa alitikisa kichwa. Kwenye kiti cha baba yako alipiga makofi. Kwenye jina lisilotajwa alisema, "Bila shaka." Nilipofika kwenye firigisi akanishika goti.

"Akala?"

Nikamwambia hakula.

Kalunde akaliachia goti langu. Kisha akasema, "Basi aliyemkataa mwenzake ni yeye."

Sisi tulikulia Emali, kati ya malori na mkate. Nyanya yetu wa Murang'a angeyajua haya, hata Wakikuyu wa zamani walikuwa nayo, lakini hakuna aliyetuambia. Na wewe hukuambiwa kwa sababu mama yako alikulea kanisani. Lakini kanisa lilipomweka nyuma, angempokea mume wako kwa kitu gani? Mimi nadhani alikwenda kuchukua kile alichoachiwa na mama yake mwenyewe.

Msipande lori. Kama mmepanda, shukeni.

Nduta wako


Wote,
8 Oktoba 1979

Mpendwa Nduta,

Tulikuwa tumepanda. Vitanda vilikuwa vimefungwa kamba, Wakiuru amekaa juu ya magunia akiwaaga kuku wa jirani, na dereva alikuwa amewasha injini. Ndipo mtu mwenye harufu ya ng'ombe akaja akiuliza nani hapa ni Ndila, akakataa kumpa Muturi barua, akasema ameapishwa.

Niliisoma nikiwa juu ya lori. Nilipomaliza nilimpa Muturi. Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena ameketi juu ya tairi la akiba. Nilimngoja kama wale wanawake wa Thwake. Nilidhani atasema kuhusu Mama, au kuhusu wewe. Alisema, "Firigisi." Hilo tu. Kisha akapanda juu akaifungua baiskeli kutoka kwenye kamba.

Mizigo tuliishusha jioni ile. Kulipopambazuka tulikuwa njiani.

Sitakusimulia njia tena. Ilikuwa ile ile, ila mti ulioanguka umeshakatwa kuni, na Wakiuru alipofika mahali pake alisema, "Mti umeamka." Mara hii nilimwomba Muturi nikae kimya, naye aliniacha. Nilikuwa nikifikiri juu ya siku zote nilizomsubiri Mama aseme kitu, na kwamba alikuwa amesema, mbele yangu, kwa mwili mzima, na mimi mwenye vyeti nilikuwa nimesimama pale nikidai mkono. Nilikuwa nikitazama mgongo siku nzima ile kwa mapenzi makubwa, Nduta. Nilipoonyeshwa wa pili sikuutambua.

Muturi hakuingia uani. Alisimama nje ya uzio wa minyaa, akaigeuza baiskeli ielekee tulikotoka, akageuka nayo. Mimi niliingia. Mama alikuwa akipepeta mtama. Alipoona gurudumu kupitia uzio alivuta leso akaenda nyuma ya ghala, pale pale. Kukawa na migongo miwili na ua uliofagiwa katikati yake, na mimi katikati ya ua.

Muturi alisafisha koo. Nilimwona akitafuta kilima cha kukiambia, akakipata.

"Nimekuja kula," akasema. "Kile nilichoacha."

Mbaazi zililia. Kisha nikaona mabega ya Mama yakitikisika, na sikujua kama ni kilio au kicheko mpaka aliposema, kwa Kikamba, akiuambia ukuta wa ghala:

"Mwambieni kuku wa siku ile tulimla. Nitachinja mwingine."

Nilitafsiri.

Wakati kuku anatayarishwa nilikaa na Mama jikoni. Muturi alikuwa mbele ya nyumba kwenye kiti cha Baba, mlango ukiwa umerudishwa, na Wakiuru alikuwa njiani kati yao muda wote, akimpelekea maji huyu, akimletea yule habari. Kila mmoja wao alimuuliza mwenzake mambo kupitia kwake, na mengine yalifika yamekuwa mbuzi. Nilimuuliza Mama kwa nini hakunieleza siku ile, nilipokuwa nikimlilia jina.

"Nilidhani unajua," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Aliendelea kunyonyoa. Nilidhani amemaliza. Kisha akanyoosha mkono wake wa kuume, ule wenye gumba lililopasuka, umejaa manyoya, akautazama kama kitu cha kuazima.

"Huu niliupata kwao. Mkono wa kanisa. Walipouchukua sikuwa nao tena wa kumpa mtu wako. Lakini kile cha mama yangu hawakukichukua. Hawakujua ninacho."

Bado anakaa kiti cha nyuma, Nduta. Hilo halijaisha, na sijui litaishaje. Aliniambia siku hizi anaimba sauti ya pili kutoka kule nyuma, na wale wa mbele hawapendi kwa sababu wimbo unawakalia mgongoni.

Jirani alimpelekea Muturi kisahani. Mama aliweka sikio kwenye ufa wa mlango. Hakutazama. Alisikiliza akitafuna, mpaka mwisho, macho yamefumbwa, kama wakati ule wa zamani alipokuwa akisikiliza kwaya kujua nani amekosea. Kisha akaenda kuosha sufuria.

Muturi amemwandikia Kinuthia kwamba anashukuru. Jumatatu alirudi kwenye visima vyake. Juzi nilimsikia akimweleza fundi mwenzake kwamba mama mkwe wake ni mtu wa karibu sana, hata hajawahi kumwona uso vizuri, na fundi mwenzake akamwonea wivu.

Jambo la mwisho. Ukija Desemba, usije mbio na mikono yako miwili. Wakiuru amejifunza. Mbuzi akimpendeza, anamgeuzia mgongo. Uji ukiwa mtamu, anaugeuzia mgongo kwanza ndipo anaunywa. Mimi na baba yake tunapata mgongo kila asubuhi. Tukimtajia jina lako anafunika uso kwa gauni na kwenda nyuma ya mlango.

Anakusubiri mno.

Wifi yako,
Ndila